Jicho la Kushoto

Mdogo wangu Twiga,

Huku hatujambo. Lile gari kuukuu la Baba, lenye taa zinazojificha kwenye boneti, limefumbua jicho la kushoto. Taa ilikuwa haipandi, mota inanguruma bure. Tuliifungua kwenye meza ya chakula, Mama akanuna kwa ajili ya kitambaa chake. Kumbe gia ya plastiki ilikuwa imelika meno upande mmoja tu. Baba akaigeuza, meno mazima yakashika. Alipowasha, taa zote zikainuka pamoja, akacheka peke yake.

Tangu mgombane hakutaji, na jana pia hakukutaja. Ila alipomaliza alisogeza kiti cha dereva nyuma kabisa. Mimi na yeye, hata tukiunganishwa miguu, pale hatufikii pedali.

Dada yako, mwenye kucha za grisi.