Bahari ya Jikoni Kangeta

Kangeta
21 Februari 1988

Kwako mama Karwirwa,

Pokea salamu kutoka huku kwetu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Natumaini hiyo kozi yako ya ukunga haijakukausha. Mvua hakuna, lakini miraa inachumwa na Mungu anatutazama.

Mtoto wako Karwirwa ni mzima pia. Anakula, ingawa mukimo, vile viazi vyetu vya kupondwa, anauzunguka kwanza kama mtu anayetafuta mlango. Shuleni wenzake wanamwongelesha Kimeru, yeye anawajibu Kiswahili cha huko kwenu Pwani, basi wanamcheka. Jana nilimkuta nyuma ya nyumba amejaza beseni maji, amemwaga chumvi yangu yote ya mwezi, amelala kifudifudi na uso ndani. Nikapiga mayowe nikidhani amezama! Akainuka akasema, "Babu, hii bahari haina samaki."

Sasa nimeamua. Nitamtengenezea bahari hapa jikoni, yenye samaki. Usicheke. Najua matajiri wa mjini wanaziweka kwenye masanduku ya kioo sebuleni. Mimi si tajiri, lakini mikono ninayo. Niambie bahari inataka nini.

Na nisikufiche. Ulipomleta tulisema mwaka mmoja tu, mpaka umalize kozi. Mimi nataka akae. Marehemu Mutegi alikuwa kijana wangu wa pekee, na huyu ndiye aliyeniachia. Akipapenda hapa, hutamng'oa Desemba.

Ni mimi baba mkwe wako,
Bundi

*

Mombasa
6 Machi 1988

Baba mkwe,

Shikamoo. Barua imefika nami ni mzima, ila usingizi tu ndio adimu. Hilo goti lisugue mafuta ya nazi, nimetia chupa kwenye mzigo.

Kwanza nimecheka hadi wenzangu wa wodini wakaja kuuliza kuna nini. Kisha nimekasirika. Desemba namchukua mwanangu, baba. Mutegi alikuwa mwanao, lakini alikuwa mume wangu pia, na mtoto nimemzaa mimi. Usinifanyie hivyo, nakuomba.

Bahari nitakusaidia, kwa kuwa ameitaka yeye. Kaka yangu Charo kazi yake ni kufungasha samaki hai wanaopelekwa Ulaya kwa ndege, nami nimemuuliza kila kitu. Anasema usinunue mashine yoyote. Tafuta kioo kinene, fundi akiunganishe kwa gundi ya vioo. Maji nitatuma mimi: magari yenu ya miraa hushuka yamejaa na kupanda matupu, basi yapande na bahari. Mitungi isiwe imewahi kutiwa mafuta ya taa wala sabuni. Hewa utaitoa kwenye tyubu ya gurudumu la lori. Ijaze upepo kwa pampu, uiunganishe na mpira mwembamba wa dripu, huu mpya ninaokutumia, itapumua majini polepole kutwa nzima. Mchanga na mawe vinakuja. Yaache maji na mawe yake yakae zaidi ya mwezi kabla ya kutia samaki, hata kama subira huna.

Na maji yakipungua, ongeza maji ya mvua. Usiongeze chumvi. Maji ndiyo yanayokauka, chumvi inabaki palepale.

Mbusu Karwirwa. Mwambie mama anahesabu miezi.

Mkwe wako,
Kadzo

*

Kangeta
12 Juni 1988

Kwako mama Karwirwa,

Habari ya siku nyingi? Sisi wazima, na goti limelainika, asante. Ukiona nimenyamaza ujue nilikuwa naumba bahari.

Kioo nilikipata kwa duka la mikate lililofungwa, kile cha kuonyeshea keki. Fundi Gitari alikikata na kukigandisha, akaapa hakitavuja. Kikavuja! Maji yako ya Mombasa yalizima moto wangu wote na kuku wakakimbia. Tukakausha, tukagandisha tena, na safari hii kimeshika. Tumekiweka jikoni kwa sababu huku kwetu baridi si ya mchezo, na jioni nakifunika blanketi. Tyubu naijaza asubuhi na pampu ya baiskeli. Mapovu yanatoka vizuri kabisa.

Samaki wako wawili walifika wazima. Dereva, Koome, aliifunga mifuko yao kwa majani ya mgomba kama anavyofunga miraa, maana anasema kitu kibichi hakipendi jua, na mimi sikumbishia. Karwirwa alipofungua majani akaona ile rangi ya chungwa na mistari myeupe, alipiga kelele wakaja majirani. Mzee wa kanisa, Mbaka, alikuja kutuonya kuhusu anasa. Akaketi. Aliondoka jioni.

Sasa watoto wa shule wanapanga foleni mlangoni kwangu, na yeye ndiye mwalimu wao. Hakuna anayemcheka tena.

Amewapa majina. Si unajua sisi hurithisha majina, yeye mwenyewe ana jina la marehemu mke wangu. Basi yule mkubwa amemwita Mutegi, na mdogo amemwita Kadzo. Mimi jina la mkwe siwezi kulitamka ovyo hivyo, namwita Mdogo. Lakini kila asubuhi nasikia jikoni kwangu, "Mutegi, umeamkaje?" Mama Karwirwa, sijui nikuambieje. Nafurahi mpaka naogopa.

Unaona mwenyewe ameshapapenda.

Baba mkwe wako,
Bundi

*

Mombasa
18 Septemba 1988

Baba mkwe,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Nilijibu barua yako ya Juni, nikaandika tena Agosti, na hakuna neno. Nilipofika kwenye jina la Mutegi nililia, nikaisoma tena, nikalia tena. Sasa nalia kwa sababu nyingine. Mtoto anaumwa? Au umeamua kunificha mwanangu ili Desemba nisimpate? Kama ni hivyo, niambie wazi, nitapanda huko hata kwa miguu. Andika, baba. Hata mstari mmoja.

Kadzo

*

Kangeta
2 Oktoba 1988

Mwanangu mama Karwirwa,

Pole sana kwa kukutia hofu. Mtoto ni mzima, ameota jino. Mimi ndiye sikuwa mzima, na si wa mwili.

Mutegi amekufa, yule samaki. Ni mimi nilimuua. Uliandika maji ya mvua, na nilisoma. Lakini mimi nimefuga tangu utotoni, na mnyama akizubaa nampa chumvi. Mwezi wa saba baridi ilizidi, akakaa chini hataki kula. Nikasema maji yameisha nguvu. Nikachukua ile chumvi ya ng'ombe ninayonunua soko la Ruiri, ya unga, nikamwaga kopo zima. Kulipokucha alikuwa ameelea ubavu. Mdogo nilimtoa mbio nikamtia kwenye mtungi wa maji ya akiba, akapona.

Nilimzika kijana wangu mara ya pili, mama Karwirwa, na sasa kwa mkono wangu. Kila nikishika kalamu kukuandikia, naiweka tena. Mtoto alilia kutwa. Mimi nilienda kulia shambani kwenye miraa, asinione. Akanifuata. Akaniambia ninyamaze, kwa Kimeru, Kimeru safi kabisa! Akanifuta uso na sketi ya shule.

Tumesafisha kioo, tumetia maji mapya, Mdogo anazunguka humo. Juzi tukimtazama, Karwirwa akasema, "Babu, Kadzo yuko peke yake. Tumrudishe."

Nikamuuliza, Kadzo yupi aliye peke yake?

Akasema, "Wote wawili."

Huyu mtoto hajapachukia hapa. Anapapenda, na bado anakutaka wewe, na mimi nilidhani hayo hayawezi kukaa pamoja.

Basi sikiliza. Shule zikifungwa Novemba nitamleta mwenyewe, na samaki kwenye ndoo yenye kifuniko. Charo atuonyeshe mahali pa kumwachia. Mtoto ni wako, sibishani tena. Naomba kitu kimoja tu, kila likizo aje Kangeta kwa babu yake. Ukikubali, nitakuwa namngoja barabarani. Ukikataa, mtanivumilia huko, kwa sababu nitakuja mimi.

Baba yako,
Bundi