Kadi Inasema Uko Nyumbani

Machi 3

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yamegoma. Wewe je, na mwenzako wa chumbani?

Kosa la wengi ni kudhani kwamba saa ya kazi isiyolipwa hupotea mara moja tu. Mama yako anasema unarudi usiku na mshahara ni uleule. Nilifundisha hesabu maisha yangu yote, kwa hiyo nivumilie. Mchango wako wa uzeeni na kiinua mgongo hupimwa kwa mshahara ulioandikwa. Saa isiyoandikwa haikulipi leo, wala haitakulipa ukiwa na mvi kama zangu. Hapo kiwandani, saa hizo zinaandikwa wapi?

Mjomba wako

Machi 19

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima, ila macho yanawasha kwa vumbi la vitambaa. Haziandikwi popote. Kengele ikilia tunagonga kadi za kutokea, kisha tunarudi kwenye mashine kumalizia mzigo. Ndivyo kila mtu anavyofanya. Msimamizi tunamwita Baba Kidogo, maana kila jioni huomba "kidogo tu". Juzi dada mmoja alimuuliza kama hata mkewe humpa chakula kidogo tu. Tulicheka mpaka machozi. Naye alicheka. Leo mashine ya yule dada ina mtu mwingine.

Nataka kuwa kiongozi wa mstari wetu wa mashine, Mjomba. Baba Kidogo amesema wanaopandishwa ni wale wasiohesabu saa. Usimwambie Mama.

Mpwa wako

Aprili 2

Mpwa wangu,

Hujambo? Barua yako imeninyima usingizi. Kadi inasema uko nyumbani, nawe uko mbele ya mashine. Likikupata la kukupata hapo, nani atakubali kwamba ulikuwepo? Gonga kadi unapotoka kweli. Nijibu upesi.

Mjomba wako

Mei 11

Shikamoo Mjomba,

Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Mimi nasema, mwenzangu wa chumbani anaandika. Kengele ilikuwa imeshalia zamani, nikaombwa kusaidia kwenye pasi kubwa ya mvuke, ile yenye mfuniko. Usingizi ukaniiba, pasi ikajifunga juu ya mkono wa kulia. Vidole viwili havina hisia.

Baba Kidogo amekuwa mwema. Alinileta hospitali kwa gari lake, analeta matunda, na ndiye aliyemweleza muuguzi kwamba nilimwagikiwa na maji ya moto nyumbani. Anasema nikinyamaza, nafasi yangu inanisubiri. Wiki ijayo wananiruhusu kutoka.

Mpwa wako

Mei 13

Mwanangu,

Pole sana. Sikugombezi. Lakini matunda hayo yana bei. Kadi inasema ulikuwa nyumbani, na sasa faili la hospitali nalo linasema hivyohivyo. Ukitoka maandishi hayo mawili yakiwa yamekubaliana, hakuna aliyeumia kiwandani, na hakuna fidia kwa miaka yote ambayo mkono huo hautashona. Una miaka ishirini na mitatu. Nafasi anayokuwekea ni ya mshonaji mwenye vidole kumi.

Nakuja, ila barua hii itanitangulia. Usinisubiri. Leo hii mwite daktari, umwambie uliungulia wapi na saa ngapi.

Mjomba wako