Nilimkana Nyanya Mbele ya Wageni wa Posa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo lililonipata Jumamosi.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na minane, naishi mtaa wa Komarock, Nairobi, tangu tulipofukuzwa Molo katika ghasia za kikabila za mwaka wa tisini na mbili, na muda huo wote nimekuwa nikikusanya picha za kale zilizochapwa Ulaya kuonyesha watumwa wakiachiliwa huru, nyingi nilizitoa kwenye vitabu vilivyochakaa katika soko la Gikomba, fundi wa huko akazitia fremu, na sasa ziko kumi na moja ukutani sebuleni, nami kila asubuhi huvaa miwani nikakagua nyuso za watoto, kwa kuwa nyanya yangu, mzaa mama, alikombolewa baharini kutoka jahazi la watumwa akiwa na miaka sita na hakuacha picha hata moja, jambo ambalo sijawaambia hata wanangu, kwani mama alinionya kwamba tutachekwa.

Basi jamaa za kijana anayetaka kumwoa binti yangu Mutheu wakaja, nami bila kufikiri nikawakalisha mkabala na ukuta huo, na kabla ya chai shangazi wa kijana, Mama Awiti, akainuka akaweka kidole kwenye kioo: "Mzee Kitonga, hawa wa minyororo ni watu wako? Tuambie mapema, tusije tukaoa tusikokujua!" Wote wakacheka, na mdomo wangu, mshauri, mdomo wangu mwenyewe, ukajibu, "La, mama, ni mapambo tu."

Mapambo! Sasa Mutheu anasema, "Baba, hizi zitoke kabla hawajarudi Jumamosi." Nifanye nini?

Kitonga, Komarock

*

Mzee Kitonga, pole, lakini nami umenishtua. Miaka yote hiyo unachunguza nyuso za watoto wa watu, na mtoto wako mwenyewe anapita mbele ya picha hizo bila kujua ni za nini! Kwake ni watu wasiojulikana wenye minyororo. Angejuaje?

Mama yako alikuwa na sababu ya kuogopa. Wewe huna. Mama Awiti alitania tu. Uongo ulikuwa wako. Na kama ukoo wao utamkataa msichana kwa sababu mtoto wa miaka sita aliwahi kutiwa utumwani, heri Mutheu aujue ukoo huo sasa.

Picha zisiguswe. Leo hii mkalishe Mutheu kwenye kiti alichokalia Mama Awiti, umweleze yote, na umtajie jina la nyanya. Nimesoma barua yako mara tatu: hukuliandika. Kisha nenda kwa fundi wako akutengenezee fremu ya kumi na mbili, ndani yake jina hilo peke yake, uitundike katikati.

Jumamosi wakalishe wageni pale pale. Mama Awiti atauliza huyu ni nani. Safari hii jibu.