Tamali Zilizokataa Kuiva

Los Angeles, tarehe 5 Februari

Mama yangu Librada,

Shikamoo. Natumaini goti lako la kushoto limepata nafuu, na kwamba kuku wa jirani hawajaimaliza miche yako ya giligilani. Sisi huku wazima. Miguu yangu tu ndiyo inavimba kwa kusimama, lakini ulisema mwenyewe kwamba mpishi asiyevimba miguu ni mvivu. Watoto wanakuamkia. Nisalimie mji wetu wote wa Escuinapa, isipokuwa binamu Hortensia, naye anajua kwa nini.

Katika barua yako ya Oktoba uliniuliza kama watu wa huku wanazipenda tamali zako za unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake, na kama nao hucheka wakiona ndevu za kamba wa baharini zimechomoza nje ya unga. Nikakujibu kwamba wanacheka sana. Mama, nilikudanganya. Kwa miaka mitatu, katika mkahawa wa don Evaristo, nimekuwa nikipika tamali za kamba waliomenywa, bila kichwa, bila ganda, bila hata unywele mmoja wa ndevu. Na juu ya kaunta pameandikwa kwa rangi nyekundu: Tamali za Mama Librada.

Don Evaristo si mgeni wa mambo haya. Ni mtu wa Mazatlán, amekua akinyonya vichwa vya kamba kama sisi sote. Lakini tangu avuke mpaka amekuwa mwepesi wa kuona haya. Siku yangu ya kwanza alinikuta napanga kamba wazima kwenye unga, akaniambia kwamba wateja wa huku hawataki chakula kinachowatazama. Nikawakata vichwa. Nilikuwa na mwezi mmoja tu nchini, nina watoto wawili, nikayameza maneno yangu. Kila nilipopita chini ya jina lako niliangalia sakafu.

Sasa sikiliza. Siku ya Wafalme Watatu, tarehe 6 Januari, tulikata mkate wa sikukuu pale mkahawani, wafanyakazi pamoja na watu wa parokia. Unajua watu wanavyokiogopa kile kidoli cha Mtoto Yesu kinachofichwa ndani: atakayekipata ndiye atakayewalisha wenzake tamali siku ya Kandelaria, tarehe 2 Februari. Vipande vikaisha, kidoli hakuna. Mara simu ikalia, don Evaristo akaipokea, na badala ya maneno ukamtoka mguno. Alikuwa amekificha shavuni! Mama Tomasa, mjane wa Jalisco anayeuza maua mlangoni mwa kanisa, akampigia kelele: "Tema, don Evaristo! Mteme hapa Mtoto Yesu!" Tukacheka hadi mbavu zikauma. Akatema. Basi tamali za parokia nzima zikawa juu yake, yaani juu yangu.

Nikamwambia kwamba hawa si wateja, hawa ni watu wetu, nitawapikia kama tunavyopika kwetu. Akakataa. Alisema padri mpya ni mtu wa huku na yeye hataki aibu, na kama sipendi, mlango naujua. Nikamwambia basi alifute jina la mama yangu ukutani. Akacheka, akasema jina hilo sasa ni mali ya mkahawa. Mama, damu ilinichemka. Nilijua nitakachofanya.

Siku ya Kandelaria nilifunga tamali mia mbili zisizo na vichwa, nikazipanga kwenye lile sufuria kubwa la ukumbi wa parokia, nikawasha jiko la gesi kabla ya misa. Misa ikaisha, watu wakaja na sahani zao, tukafungua ya kwanza. Unga mbichi, unanata vidoleni. Tukangoja saa nzima. Mbichi. Mama Tomasa akavua shali yake, akauliza: "Nani kanuna humu ndani?"

Watu wote wakanitazama. Nani kwetu asiyejua kwamba tamali haziivi penye hasira? Nikasema mimi sina neno, nimetii tu nilichoagizwa. Hapo macho yakahamia kwa don Evaristo. Mama Tomasa akafunga maganda ya mahindi kwenye masikio ya sufuria, kama ilivyo desturi ya kuzibembeleza tamali, akamwambia: "Haya baba, zunguka ucheze. Tumbo hilo halijakuzuia kula, lisikuzuie kucheza." Na akacheza, mama! Na suruali ya kanisani, jasho likimtiririka, padri akimpigia makofi. Tukafungua tamali nyingine. Mbichi vilevile.

Akabanwa aseme amemfanyia nini mpishi. Akagugumiza habari za vichwa. Loo! Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa Teacapán akamwuliza kama kuku nao huwavalisha suruali kabla ya kuwala. Mwishowe don Evaristo aliinua mikono, akatamka mbele ya padri kwamba vichwa virudi, leo na siku zote. Kamba wazima walikuwepo kwenye barafu, nilikuja nao nikisema ni wa supu. Wanawake kumi tukakaa mezani, tukafungua tamali zote na kuzijaza upya. Baada ya saa moja na ushei zikaiva, zinajibandua zenyewe kwenye maganda ya mahindi. Padri akauliza ndevu zinaliwaje, akafundishwa. Don Evaristo alinyonya vichwa sita bila kuinua uso.

Sasa naungama kwako, kwa kuwa padri sitamwambia. Tamali hazikukataa chochote. Kila mfuniko uliporudishwa, niliinama kana kwamba nafunga kiatu, nikaipunguza gesi hadi moto ukabaki mdogo kama wa mshumaa. Nilimwacha mtu mzima acheze mbele ya parokia nzima, na hakuna aliyefikiria kuchungulia chini ya sufuria. Sijutii. Kama ni dhambi, naibeba, na Jumatatu niliirudia kazi yangu nikipika kamba wenye ndevu chini ya jina lako.

Ila nilipokuwa nimeinama pale chini, nilikumbuka jambo. Ule mwaka bibi Refugio alipotaka kukuondoa jikoni mwake, na baba akakaa kimya, tamali za harusi ya shangazi zikagoma kuiva hadi baba akacheza barabarani na kukuomba radhi mbele ya mama yake. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye kigoda kando yako. Nakumbuka ulikaa muda mrefu umechutama karibu na mafiga, na ulipoinuka mikono yako ilikuwa na majivu hadi viwikoni.

Mama, zile kuni chini ya sufuria alizitoa nani?

Usinijibu kwa maandishi, baba huzisoma barua zako. Nitumie tu mfuko wa pilipili kavu, nitaelewa. Mungu akulinde, na goti lako ulifunge kitambaa cha joto.

Ni mimi bintiyo, jeuri kama aliyenizaa,

Nereida