Kichaka cha Mpakani

9 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Wenzako kazini hawajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inawaka. Kondoo wanakufa. Nyuso zinavimba, macho yanakuwa ya manjano, ngozi ya pua inachubuka kama ya mtu aliyeungua. Nyasi zimekauka zote, wanajikongoja tu mpakani kutafuta chochote kibichi. Nami mbaya wangu namjua: ni jirani yetu, yule fundi wa kuchomelea mageti. Tangu waingie kwenye maharage yake aliapa, “Utawalilia hawa.” Nimemwambia mbele ya wateja wake: akifa mwingine, nakuvunja. Wewe unayeuza dawa za mifugo, hii ni sumu gani?

Mama yako

17 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi. Nakuomba usimguse Fundi. Nimemsomea barua yako daktari wa mifugo, akauliza: mpakani kuna kichaka chenye maua madogo, mekundu na ya manjano pamoja, jani ukilifikicha linanuka vikali? Kipo, Mama, kimenichana sana utotoni. Kondoo aliyeshiba hakigusi, lakini mwenye njaa hachagui. Kinaharibu ini, halafu jua linawaunguza ngozi. Waondoe huko leo hii, wafunge kivulini, wape maji. Si kila kibichi ni malisho. Na hasira zako nazijua. Zifunge pamoja nao.

Binti yako

2 Machi

Mwanangu,

Salamu nakupa, za afya usiniulize. Niko mahabusu, askari wa kike kanipa karatasi. Barua yako ilinikuta mikono imeshatenda. Alikufa yule dume wetu mkubwa, nikachukua mchi nikamfuata Fundi karakanani. Alikuwa ameinama, miwani ya kazi usoni, hakuniona. Nilimpiga begani. Akageuka, akasema, “Kulikoni, dada?” Nikampiga kichwani. Alipokwisha kuanguka nikampiga tena, na pigo hilo la mwisho ndilo linalonirudia. Wanawe waliniburuta kwa nywele hadi barabarani, kisha wakaenda kuchinja kondoo wote waliobaki, vichwa wakavitupa mlangoni kwangu. Fundi amefia hospitalini jana. Usije.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimekuja. Wamenikatalia kukuona, ndiyo maana naandika. Mlango umevunjwa, damu imegandia kizingitini.

Nilikuwa nakata kile kichaka mjane wa Fundi alipotokea; barua yangu alikwisha kusomewa polisi. Nilikaza mkono kwenye panga, nikasubiri.

“Ndicho hiki?” akauliza.

“Ndicho.”

“Na mbuzi wangu?”

“Nao wasikile, mama.”

Akakishika kwa mikono mitupu, akakivuta. Miiba ilimchana hadi viwikoni, hakuacha. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma nikaanguka chali. Alivunja matawi moja moja, akayakanyaga, akaketi juu yake akihema.

“Mwambie mama yako,” akasema, “angekuja kuuliza tu.”

Nimekwambia.

Binti yako