Montana Haikuingia Kaburini Mwako

Baba yangu uliyelala Makebuko,

Tangu tukuzike, ndugu zako wanasema mimi nina roho mbaya. Nakuandikia wazi ili na wao wasome, kisha waseme vizuri.

Unakumbuka karakana ya ile shule ya Mushasha, ulipokuwa seremala? Tulikuwa tumerudi karibuni kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kirundi changu kiliwachekesha wanafunzi wenzangu mpaka nikaacha kucheza nao. Masomo yakiisha nilikuja kwako, nikakaa juu ya maranda. Padri mmoja mzee alikuwa amekupa gazeti la Kifaransa lenye michoro ya manowari zilizobuniwa lakini hazikujengwa. Ulinionyesha moja ya Wamarekani, Montana, yenye minara minne na kila mnara mizinga mitatu. Nilikuuliza kwa nini hawakuijenga.

"Vita ilibadilika," ukasema. "Walitaka ndege. Meli ikabaki kwenye karatasi. Sasa ni sisi tutaijenga."

Ulinifundisha kupima, mita tatu na nusu za meli ndani ya sentimita moja ya ubao. Ulinifundisha kunoa kisu kwenye jiwe na kufuata mshipa wa mti. Halafu macho yako yakaanza kufifia, na kazi yote ikawa yangu. Mizinga niliikata kutoka spoku za baiskeli. Kamba za milingoti zilikuwa uzi wa mama. Baada ya Montana nilitengeneza nyingine za gazeti lile, ya Waingereza na ya Wajerumani, na kila nilipomaliza ulipitisha vidole juu yake, kisha ukaniambia, "Safi, Spesi." Nilikuwa tayari kuacha kula ili nisikie neno hilo.

Kaka yangu Dezire hakuwahi kushika hata msasa. Yeye alikuwa mpirani.

Ndipo shule ikaweka maonyesho, na wageni wakatoka mbali. Bwana mmoja aliinama mbele ya Montana kwa muda mrefu, akauliza nani kaitengeneza, maana alitaka kumlipia masomo mtu huyo mpaka chuo kikuu. Nilikuwa pembeni yako, gundi bado kwenye kucha. Ukaweka mkono begani kwa Dezire.

"Ni huyu garçon wangu, huyu mvulana," ukasema.

Dezire akatazama viatu vyake. Mimi nikatabasamu kwa sababu mgeni alikuwa ananitazama. Njiani kurudi nikakuuliza kwa nini. "We utaolewa," ukanijibu, na hukugeuza kichwa. Muhula ulipoisha ulinipeleka Muyinga kwa shangazi, nikauze sabuni na chumvi kwa watu wa barabara ya Tanzania. Dezire akaenda Ulaya. Leo ni injinia.

Ulipougua, nani alikuja? Nilifunga duka langu, nikakuosha, nikakulisha uji, nikakugeuza kitandani. Macho yalikuwa yamezima kabisa. Siku moja uliomba Montana, nikakuwekea kifuani. Ukaipapasa mnara kwa mnara, ukatokwa na machozi.

"Dezire ana mikono, ee. Mikono ya ajabu."

"Baba, ni mimi niliyeitengeneza."

Nilidhani ugonjwa umekusahaulisha. Nilitaka sana iwe hivyo.

"Mi najua," ukasema. "Siku zote mi najua. Lakini nani angempa msichana maisha sababu ya meli ya mbao?"

"Yule bwana alitaka kunipa, baba."

Kisha ukaniomba nikuzike nayo. Hukusema pole. Uliomba meli tu, nami nikaitika ndiyo, kwa sababu mgonjwa habishiwi.

Siku ya mazishi Dezire hakuja. Alituma sauti kwenye simu, na shangazi akawasikilizisha watu wote mbele ya jeneza: "Nasikitika kazi imenizuia. Tafadhali, meli yangu muiweke karibu na baba."

Watu wakanigeukia. Montana ilikuwa mikononi mwangu.

"Shangazi," nikasema, "mwambie Dezire meli yake tutaiweka. Ailete."

Mama mmoja akaguna. Shangazi akaninong'oneza, "Spesi, usituaibishe, mfunike baba yako." Nikamjibu kwamba nimemfunika miezi yote ile, shuka na blanketi, na sasa imetosha. Wakapigilia misumari. Ukashuka mikono mitupu, nami sikulia.

Baba, nilikupenda kuliko mtu yeyote, na hilo ndilo linalonikera hata sasa. Pale Mushasha nilifurahi kweli. Ungekuwa mkali tangu mwanzo ningekusahau mapema. Meli zote nimezipeleka Muyinga, na chini ya kila moja nimechonga jina langu kwa kisu kile ulichonifundisha kunoa. Shangazi anasema kule uliko unaona vizuri tena.

Basi soma.

Binti yako,
Spesioza