Mshono wa Mama kwenye Tanga Lako

Karakana ya Maturubai,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
S.L.P. 218.

Tarehe 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Miguu,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko visiwa ulivyokwisha kukanyaga. U hali gani huko majini? Wifi yangu hajambo? Na lile tumbo la kutapishwa na mawimbi, uliloliandikia ukurasa mzima, limetulia, au bado unagombania ndoo na mkeo? Sisi huku ni wazima, tunakula na kulala. Mama anakusalimu. Amekaa mbele yangu hapa mezani, mikono mapajani, anasikiliza kalamu.

Kabla sijaendelea na habari: tanga lako lina kasoro. Kuna mshono mmoja hautadumu, na ukiachia mkiwa mbali na nchi kavu, tanga lote litawaangukia kichwani na mtabaki mnaelea kama kopo. Nitakwambia ni mshono upi, ila si sasa. Najua unataka kurukia mwisho, hata vitabu vya shule ulikuwa unaanzia ukurasa wa nyuma. Safari hii soma kwa mpangilio. Mimi nimekusubiri miezi kumi na minne, wewe nisubiri kurasa nne.

Barua zako zote tisa zimefika. Nilimsomea mama kila moja, hapa hapa kwenye meza ya kukatia, cherehani zikiwa zimesimamishwa kwa heshima yako. Kisiwa cha pili mchanga wake ulikuwa mweupe kama unga. Cha tano nacho kama unga. Cha saba ukasahau, ukaandika unga tena, nikamwambia mama kwamba mwanao hasafiri, anazunguka mashine za kusaga. Mama hakucheka. Aliuliza lile swali lake la kila barua: tanga linashikaje? Nikatafuta ndani ya kurasa zako sita, na kila mara ulikuwa umeweka mstari mmoja mwishoni kwamba linashika vizuri sana. Basi hapo mama hujinyoosha kwenye kiti akawaambia wateja, hata aliyekuja na turubai lililoliwa na panya, kwamba mshono wake unazunguka visiwa.

Picha nazo tumezipata. Nashangaa unamtumia picha mtu asiyeona, lakini hukujua, na sasa nakujulisha. Mama haoni. Si kwamba macho yanamsumbua kama ulivyozoea kuandika. Haoni kabisa.

Uliahidi kurudi baada ya miezi sita umpeleke mwenyewe hospitali ya macho, kwa kuwa wewe ndiye unayejua kuongea na madaktari na mimi ni wa kuongea na sindano. Mama alikusubiri. Alinikatalia mara tatu kwenda na mimi. Mwezi wa tisa tangu uondoke nilimburuta kama mtoto anayekwenda kuchanjwa, daktari akammulika, akazima taa, kisha akaniita kwenye korido akaniambia kwamba tungefika miezi mitatu nyuma, jicho la kushoto lingepona. Nilihesabu nikiwa nimesimama pale kwenye korido. Miezi mitatu nyuma ndipo ulipotakiwa kurudi. Niliporudi nyumbani nikaitafuta na barua yako ya wakati ule. Ulikuwa kisiwa cha nne, unajifunza kuogelea na mrija mdomoni ili uwaone samaki. Mama alinikataza nisikuandikie, akasema nitakuharibia safari. Leo nimekuharibia.

Hizo picha nilimweleza mimi. Ile uliyosimama mbele ya mlingoti na kaptura nilimwambia kwamba umekonda hadi mbavu zinahesabika, nywele zimekutoka utosini, na wifi yuko nyuma yako chini ya kofia kubwa, amenenepa. Mama alishinda bila kula siku hiyo. Kusema kweli umenawiri, mdogo wangu, una shavu. Sikumwambia. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama saa moja.

Yule dereva wa lori uliyekuwa unamwita shemeji kwa utani ameoa. Alinitaka nihamie kwao, nikamwomba asubiri mpaka urudi uje ukae na mama, naye akasubiri mpaka alipochoka. Hema la harusi yake lilitoka kwetu. Nililishona mimi, na siku yenyewe nikaenda kulifunga mimi, nikavuta kamba zote barabara ili bibi harusi asiangukiwe. Unaona kwamba nikitaka, kazi yangu huwa safi.

Sasa tuje kwenye tanga.

Unaijua sheria ya karakana, umekulia ndani yake. Kila mshono huvutwa na watu wawili kabla kazi haijatoka, mmoja huku na mwingine kule, isipokuwa mshono wa kufungia. Huo mama huushona mwenyewe kwa mkono, na hauvutwi na mtu yeyote, kwa sababu kuuvuta ni sawa na kumwambia fundi mkuu kwamba hajui kazi. Marehemu baba mwenyewe hakuthubutu. Na wakati ule mama alikuwa bado anaona vivuli, nasi sote tulikuwa tunajifanya anaona kila kitu, wewe ukiongoza. Wewe ndiye uliyesema lazima mama alifungie tanga lako kwa mkono wake, ndipo safari iwe na baraka.

Wiki ile nilikuwa nashona makava ya magodoro. Uzi wa pamba nilikuwa nimeutundika kwenye msumari wa uzi wa nailoni, kwa uvivu tu, sikuwa na nia mbaya. Mama akanyoosha mkono kwenye msumari alioujua kwa miaka thelathini, akachukua kilichokuwepo. Nilimwona. Alitunga sindano kwa kupapasa, akaanza. Uzi wa pamba kwa jua na chumvi huoza, ukipata mwaka mmoja umepata bahati. Nilifungua mdomo nimwambie.

Ndipo ukaingia wewe na wale rafiki zako waliokuja kuaga, unanukia manukato, ukanipiga bega.

"Kila hema lina kigingi chake," ukawaambia. "Dada ndiye kigingi chetu. Sisi wengine tunapepea, yeye kazi yake ni kubaki ardhini."

Mkacheka. Mama naye akacheka, sindano ikiwa mkononi. Nami nikacheka, maana ningefanya nini, kisha nikafunga mdomo. Mama akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akaupigapiga kwa kiganja kama anavyofanya siku zote. Tukalikunja tanga. Nilibeba upande mzito mpaka ufukoni, unakumbuka, kwa kuwa mgongo ulikuwa unakuuma.

Nilikuwa na siku mbili za kukwambia. Siku ya kwanza nilisema kesho. Siku ya pili nilikaa nikikutazama unavyofunga mizigo na kupiga mluzi, na sikutaka. Nilitaka likukatikie karibu na nchi, watu wakiwatazama, upate aibu na hofu uache kupepea urudi nyumbani. Sikutaka ufe. Hilo liamini au usiliamini. Lakini kila barua ilipokuja bila habari ya kukatika, nilikuwa nafurahi na kuchukia kwa pamoja.

Jana mama aliomba akae tena kwenye meza. Hajashika kazi tangu tanga lako, ndilo la mwisho. Alisema vidole vyake havijapofuka. Nikampa kipande cha turubai na uzi wa nailoni, akashona vizuri, mishono imelingana kuliko yangu. Alipofika mwisho akauweka uzi kwenye meno. Haukukatika. Akauma tena, kisha akaacha kila kitu.

Alisema ule wa tanga ulikatika kama mkate. Akaniambia nimletee nyuzi zote zilizomo karakana. Nikamwekea mapajani, akawa anauma mmoja mmoja na kuuweka kando, taratibu, hadi akaufikia ule wa pamba. Aliuma mara moja tu. Aliushika muda mrefu, nikadhani analia, lakini alikuwa anafikiri.

"Mimi sikuona," akasema. "Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwambia nilikuwa pembeni yake.

"Uliona?"

"Niliona, mama."

Hakunipiga wala hakunilaani. Ningependa angefanya moja. Aliniambia tu nikuandikie, na kwamba kuanzia sasa barua zako atasomewa na yule mwalimu wa nyumba ya pili. Kisha akaomba nta. Jana mpaka usiku na leo asubuhi amekaa anaupaka nta uzi wa nailoni wa kukutumia ndani ya barua hii, urefu wa mikono arobaini, kwa vidole mpaka vimechubuka, na nilipotaka kumsaidia akausogeza mbali nami.

Haya. Umefika, kama hukuruka. Mshono wenyewe ni wa pembe ya juu kabisa ya tanga, pale kwenye kiraka kinachoshika pete, inapofungwa kamba ya kulipandishia. Lishusheni mkiwa bandarini. Fumua uzi wote wa pamba, usishone juu yake, utajidanganya. Pitisha sindano kwenye matundu yale yale, kwenda na kurudi mara mbili, na kila mshono ukaze kwa mguu kama baba alivyokufundisha. Ukimaliza uvutwe na watu wawili. Uvuteni kwa nguvu. Mama mwenyewe ameruhusu.

Nakutumia kwenye posta ya kisiwa cha kumi, ulikosema mtapitia barua mwisho wa mwezi huu. Barua yako ya mwisho ina wiki saba. Sijamwambia mama ni wiki ngapi, lakini naona anazihesabu mwenyewe, maana pikipiki ya posta ikipita bila kusimama hugeuza uso ukutani.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie lile neno la unene nalifuta. Shangazi anakusalimu, anauliza kama huko kuna watu wa kusali nao. Mjomba fundi saa anakusalimu, saa yako bado iko kwake na inakwenda. Mwalimu jirani naye anakusalimu, amekwisha kufuta miwani yake tayari kwa barua zako.

Nilitaka nifunge bahasha, mama akaniomba kwanza aishike. Uzi umefanya uvimbe katikati, hata posta watalalamika. Ameupapasa ule uvimbe kwa kidole gumba, akazunguka ukingo wote wa bahasha, akanirudishia. Nimejua alichokuwa anafanya: anaikariri kwa vidole. Msipofika kisiwa cha kumi, barua hii itarudishwa hapa, na yeye ndiye anayekaa mlangoni. Hatahitaji mtu wa kumsomea.

Mungu akushikie kamba mpaka utie nanga.

Ni mimi dada yako, niliyekunyamazia huku nakupenda,

Kigingi